Kupanda Mount St. Helens Mwezi Mei: Kuna Haja ya Kuondoka Usiku?

Swali: Ninaishi Seattle, na nimewahi kufika kilele cha Uhuru kwa njia ya Marangu. Wenzangu wanataka tupande Mount St. Helens, volkano iliyoko jimbo la Washington, Marekani, katikati ya Mei, na wanasisitiza tuanze saa tisa usiku. Mlima wenyewe una mita 2,549 tu. Je, kuna haja hiyo, na kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu) ni za nini ikiwa theluji ya wakati huo ni laini?

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako wako sahihi. Kilimanjaro hukuchosha kwa uhaba wa hewa. Huku kinachoamua ni theluji, ambayo katika majira haya hubadilika sana ndani ya siku moja. Usiku anga likiwa wazi, uso wa theluji hupoteza joto na kuganda hata pale hewa iliyo juu yake inapokuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya sifuri, na alfajiri utakuta gamba gumu linalobeba uzito wako bila kuzama. Kramponi na shoka la barafu ni za saa hizo, kwa sababu anayeanguka kwenye gamba hilo huteleza kwa kasi asipojua kujizuia kwa shoka. Njia ya Worm Flows, inayotumika wakati wa theluji, hupanda takriban mita 1,700 upande wa kusini, ambako jua hupiga vikali. Kufikia adhuhuri gamba limeyeyuka, maji yamepenya chini, na theluji iliyolowa inaweza kuporomoka.

Hata hivyo, naomba usiitegemee saa peke yake. Mawingu ya usiku huufunika mlima kama blanketi, theluji haigandi, na kuondoka saa tisa hakutawasaidia kitu. Someni utabiri wa usiku ule, si wa mchana tu, na mkianza kuzama hadi magotini kabla ya jua kupanda, rudini.

Hatari ninayoihofia zaidi iko kileleni. Mlipuko wa 18 Mei 1980 uliondoa sehemu ya juu ya mlima na kuacha kreta kubwa, na upepo hujenga kwenye ukingo wake paa la theluji linaloning'inia juu ya shimo. Ukitokea kusini huwezi kulitambua, kwani linaonekana kama ardhi imara, na linaweza kukatika nyuma kabisa ya pale unapodhani ukingo upo. Watu wamefia hapo. Simameni mbali, chini ya ukingo, hata kama nyayo za waliotangulia zinaendelea mbele na hata kama picha ya kreta mtaikosa.

Wakati wa kushuka, wengi huteleza kwa kukaa kitako. Vueni kramponi kwanza, kwa maana meno yake yakinasa kwenye theluji huvunja kifundo cha mguu. Vibali navyo vina idadi maalumu kuanzia 1 Aprili, kwa hiyo vitafuteni mapema.