Kazi ya nyumbani ambayo simu haiwezi kuimaliza

"Eleza sababu za Vita vya Majimaji." Swali hili, la vita vya 1905–1907 vya watu wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani, silitoi tena kama kazi ya nyumbani. Mwanafunzi wa kutwa akiishika simu ya mama yake dakika mbili, akili mnemba (AI) inamwandikia hoja sita zilizonyooka pamoja na hitimisho. Kesho nakusanya rundo la madaftari yenye hitimisho hilohilo. Nasahihisha nini hapo?

Wenzangu wengi dawa wanayoijua ni marufuku. Simu darasani mimi pia sizitaki, maana mkondo wenye watoto themanini haufundishiki zikiwamo. Ila marufuku inaishia getini, na kazi ya nyumbani inafanyika ng'ambo ya geti.

Mwalimu mwenzangu, jaribu kuwapa kazi ya kuibana simu maswali. Mimi huwatuma watafute idadi ya waliokufa katika Majimaji. Mmoja anarudi na 75,000, hesabu ya Wajerumani wenyewe. Mwingine ana 250,000, mwingine 300,000, na kila mmoja anaapa yake ndiyo sahihi. Basi kipindi ndiyo kimeanza. Nani alihesabu? Waliokufa kwa njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala, wamo? Nani angependa idadi ionekane ndogo? Wale wa dawati la nyuma, ambao kwa kawaida huamshwa na kengele, ndio wanaobisha kuliko wote.

Wasio na simu kwao? Usiwaache. Huku Songea vita hivi havijawa hadithi ya kitabuni tu. Kuna wazee waliosimuliwa na babu zao. Natuma kikundi cha watoto wanne kwa bibi wa mmoja wao, na simu ya kuazima ya kurekodi sauti. Waulize kodi ililipwaje, njaa ilipoingia watu walikula nini, nani alikimbilia wapi. Mara nyingine simulizi ya bibi inapishana na kitabu, na hapo usikimbilie kuamua nani mkweli. Waache wabishane kwanza.

Alama nazitoa zaidi kwa kutetea kwa mdomo. Themanini huwezi kuwasikiliza wote, kwa hiyo chora kura, waite watano mbele: "Hii umeitoa wapi? Hapa ulimaanisha nini?" Kwa kuwa hakuna anayejua zamu itamwangukia nani, wote wanajiandaa. Aliyenakili utamjua kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Wazazi huniuliza kuhusu mtihani wa Taifa, na wana haki, kwa sababu NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, bado wanauliza "eleza". Insha za aina hiyo tunazifanyia darasani, kwa kalamu, saa ikiwa ukutani, kila mtu na dawati lake, na madaftari nayakusanya kengele ikilia.