Kukagua maingizo kwenye laibrari: kagua mlangoni, na usiipokee namba tupu

Ndugu yangu swali lako nimelisoma, unaandika laibrari ya Python (kodi, yaani maandishi ya programu, ambayo programu za wengine huitumia) ya kupanga safari za boti na kupiga hesabu ya nauli, mwenzako anasema kujaza if za kukagua maingizo kwenye kila metodi (kipande cha kodi kinachoitwa kwa jina) ni kuchafua kodi na mtu akileta upuuzi shauri yake, nawe roho haikutulii. Mimi niko Lamu na laibrari ya aina hiyohiyo ndio kazi yangu, wanaitumia watu wa boti za Mokowe na Shela na vijana wa Malindi wanaotengeneza tovuti za watalii, kwahivyo nakujibu kwa yale nnayoyaona.

Mwenzako nusu yake yuko sawa. Kitu kimoja ukikikagua metodi kumi, kesho kanuni ikibadilika utabadilisha saba na tatu zitabaki na kanuni ya zamani. Bertrand Meyer, yule aliyeunda lugha ya Eiffel miaka ya 1980, alilipinga sana hilo la kukagua mara mbili mbili, kwake sharti la kuingia, yaani kile ambacho lazima kiwe kweli kabla metodi haijaanza, ni jukumu la anayeita. Lakini Eiffel ina mahali maalum pa kuandika sharti hilo na lugha yenyewe inaweza kulisimamia, Python haina, kwahivyo ni wewe. Metodi za nje ambazo watu wanaziita kagua zote, zile za ndani zinazoanza na kistari cha chini ziache zimuamini aliyekagua. Mzigo hukaguliwa gatini, hakuna nahodha anayefungua magunia katikati ya mkondo.

Alafu ukaguzi wa mlangoni usiuandike kwa `assert`, ile amri ya Python inayosimamisha programu sharti likiwa si kweli. Mtu akiendesha programu kwa `python -O` mistari yote ya assert inaondolewa, kimya, na mlango unabaki wazi. Assert tumia ndani kujithibitishia mambo yako mwenyewe, nje rusha eksepsheni (kosa linalosimamisha kazi mpaka lishughulikiwe) kama `ValueError` au `TypeError`.

Sasa hapa ndipo pana kazi haswa. Wengi wakisikia ukaguzi wanafikiria namba hasi na `None`, yaani hakuna kitu. Hizo ni rahisi. Zinazoumiza ni zile zinazopita kwenye ukaguzi wako zikiwa halali kabisa. Chukua `uzito`, umeandika `if uzito <= 0` rusha eksepsheni, unaona umemaliza. Data imetoka kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi) kupitia pandas, laibrari ya kusoma majedwali, seli iko tupu, inakuja NaN, alama ya "si namba", na NaN ukiuliza kama ni ndogo, kubwa au sawa na sifuri jibu ni uongo siku zote, inapita raha mustarehe na jumla ya mzigo wa boti nzima inageuka NaN. Tumia `math.isfinite` kwanza. Au `abiria=True` imetoka kwenye fomu ya mtandaoni, `isinstance(True, int)` ni kweli kwenye Python, basi umepata abiria mmoja ambaye hayupo.

Na mahali je. Lamu iko karibu na latitudo -2.27 na longitudo 40.90. Mtu akizigeuza, na watu wanazigeuza kila uchao kwa vile GeoJSON, mpangilio wa data za ramani, inataka longitudo itangulie na watu wamezoea kuanza na latitudo, ukaguzi wa -90 hadi 90 unaridhika kabisa na boti yako inaenda kutia nanga katikati ya Uhispania, nchi kavu. Saa ndio balaa zaidi kwetu sisi. Abiria wa hapa akikwambia boti ya saa mbili anamaanisha asubuhi, kompyuta ikipewa 2 inajua usiku wa manane umepita kidogo. Sharti la 0 hadi 23 limetimia, hakuna eror, na mtu yuko gatini na watoto na mizigo anasubiri boti ambayo mfumo unasema ilishaondoka.

Haya hayatibiki kwa kuongeza if. Dawa yake ni kukataa namba tupu, yaani namba isiyosema ni ya kipimo gani. Chombo cha NASA cha kwenda Mars, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama newtoni, na namba zenyewe zilikuwa namba nzuri tu. Kwahivyo usipokee `mzigo=20`, ni kilo au magunia? Tengeneza klasi ndogo, yaani aina yako mwenyewe ya data, `Uzito.kwa_kilo(20)`. `Mahali` iwe klasi inayojua eneo lenu la kazi na inakataa nukta yoyote nje yake. Saa nayo iwe na klasi yake inayomtaka mtu aseme ni saa ya Kiswahili au ya kompyuta, itoe `datetime` (tarehe na saa) yenye zoni ya Africa/Nairobi, na safari ipokee hiyo tu, isiyo na zoni ikataliwe. Tumia `@dataclass(frozen=True)`, inayozuia kitu kubadilishwa kikishaundwa, ukaguzi wote uweke ndani ya `__post_init__`, sehemu inayoendeshwa pale kitu kinapoundwa, ili kitu kibaya kisizaliwe kabisa. Ukishafanya hivyo metodi zako za ndani zinakuwa safi kama mwenzako anavyotaka, maana aliye na `Mahali` mkononi ana mahali pa kweli.

Ila frozen pekee haitoshi. Ukipokea orodha ya abiria ukaikagua haizidi uwezo wa boti, ukaihifadhi hivyohivyo, aliyekupa bado anayo ileile mkononi, akiongeza watu watatu baadaye boti yako imejaa kupita kiasi na wewe huna habari. Chukua nakala kwanza, `tuple(abiria)`, kisha kagua hiyo nakala. Hili mimi nalisimamia kwa nguvu zote, uwezo wa boti ni roho za watu.

Na tafadhali usishike eksepsheni ukarudisha 0 ili programu isife. Nauli ya sifuri itasafiri mpaka kwenye hesabu za mwisho wa mwezi na hapo hutajua ilianzia wapi. Rusha mapema na ujumbe useme kilichotakiwa na kilichokuja: "abiria lazima wawe 1 hadi 15, imekuja -3". Aliyeko zamu ofisini usiku anaweza kuusoma huo akajua la kufanya.

Kwa vile umesema laibrari yako tayari ina watu, usizifunge milango zote kwa toleo moja, utavunja programu zao bila taarifa. Toleo hili toa onyo la `FutureWarning`, maana `DeprecationWarning` ikitoka ndani ya laibrari Python kwa kawaida huificha na hawataiona, alafu toleo kuu linalofuata lile onyo ligeuze eksepsheni. Klasi ya saa ianze kabla ya zote.