Barua kwa mwanangu: kuhusu dada wa pili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mama yako akisikiliza huku anachambua kunde. Unauliza: wewe benki unatoka saa mbili usiku, mumeo zamu za gesi zinamlaza Madimba, je, mumwajiri dada wa kazi wa pili wa kushinda na mtoto, au uombe upunguziwe majukumu?

Dada wa pili ni sawa, kama mshahara wake mnaumudu. Lakini umenirudisha Masasi ile ya 1998.

Nilikuwa karani wa ghala. Ikifika Oktoba, magunia ya korosho yanaingia mpaka usiku. Mama yako naye zamu ya usiku wodini. Wewe unashinda kwa bibi jirani. Siku moja nikawahi kutoka, nikapitia kukuchukua. Vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Ukafungua mlango, mng'oko wa kuchemsha mkononi, umeumenya nusu. Ukanitazama.

"Shikamoo. Baba hayupo, yuko ghalani."

Ukafunga mlango. Polepole, kwa adabu, kama tulivyokufundisha.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Mama yako nilimsimulia baada ya wiki nzima, na yeye hakucheka.

Ndiyo maana kila siku nasema, mtoto analelewa na aliyepo. Mtanichoka, lakini analelewa na aliyepo. Ingawa bati la nyumba ile lilitoka ghalani, na ada yako ya bweni pia. Na mama yako ningemwambia aache kazi? Angeniacha mimi kwanza, na wazazi wa usiku ule wangezalishwa na nani?

Jambo moja lakini. Umeuliza kama *wewe* upunguze kazi. Mumeo hukumtaja. Alipozaliwa mchumba wangu, sheria ilikupa likizo ya siku 84, mumeo ikampa 3. Sijui walidhani siku ya nne mtoto anajiogesha mwenyewe.

Jibu ninalo. Mama yako amekataa nisiliandike, anasema ndoa ni yenu. Haya, nimenyamaza. Ila zile korosho nilizowabangulia msimtume dereva. Mumeo aje azichukue mwenyewe, aje na mtoto, na alale.

Baba yako