Umemchoka kobe? Usimtupe, nisikilize mimi niliyemtupa

Juzi Alhamisi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Nachingwea: "Dada, tuna kobe hapa nyumbani, watoto walimwokota shambani mwaka juzi. Sasa wamemchoka na mimi nimemchoka, anamaliza bustani yangu ya mchicha. Shemeji yako anasema tukamwachie mtoni. Unashauri nini?"

Nilimjibu saa ile ile: usimpeleke mtoni. Halafu usingizi ukapaa. Jambo hili nimelibeba moyoni miaka mingi, na najua ninyi mnaonisoma mnapenda nyumba zenye uhai, kuku uani, paka barazani, watoto wenye kitu cha kutunza. Kwa hiyo leo naliandika.

Mwaka 2017 mjomba wangu alikuja kutoka Nanyamba na korosho zetu, na ndani ya kikapu akaleta kobe, ukubwa wa sahani ya wali, mgongo wa njano wenye mabaka meusi. Zawadi ya mwanangu, wakati huo ana miaka sita. Mjomba akikuletea kitu, huku kwetu hukikatai. Tukamwita Kapteni.

Siku ya pili niliruhusu jambo ambalo hadi leo linaniuma. Jirani aliweka msumari kwenye jiko la mkaa mpaka ukaiva mwekundu, akatoboa ukingo wa gamba kwa nyuma ili tufungie kamba ya manila. Kapteni alivuta kichwa na miguu yote ndani, akatoa pumzi ndefu kama tairi la baiskeli linapoachia upepo. Nilisimama pale nimeshika ungo. Tuliambizana kwamba gamba ni kama ukucha, halina maumivu. Si kweli. Chini ya yale magamba kuna mfupa hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, na uti wa mgongo wake umeungana nao.

Chakula tulimpa kiporo cha ugali, wali, nyanya zilizolainika. Kobe wa aina hii ni mla nyasi na majani magumu, hata mfupa mkavu huutafuna apate madini ya gamba lake. Mimi nilidhani namdekeza.

Miaka miwili ikapita. Mwanangu akahamia kwenye mpira, akawa harudi nyumbani mpaka magharibi. Kapteni akabaki amefungwa kwenye mpapai, akizunguka duara lile lile mpaka ardhi ikawa na mfereji. Nikamwonea huruma, nikajiona mtu mwema kabisa, nikapanda naye bajaji hadi kwenye mashamba ya mikorosho barabara ya Mikindani. Nikamwachia chini ya mkorosho mkubwa. Kamba niliikata, kipande kikabaki kwenye tundu. Ilikuwa mwezi wa sita.

Kila mkulima wa huku anajua mwezi wa sita ni mwezi gani. Mashamba yanasafishwa, majani makavu yanakusanywa na kuchomwa, mashine za salfa zinaanza kupiga vumbi kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nilirudi baada ya wiki mbili. Nilimkuta hatua kama ishirini tu kutoka pale nilipomweka. Magamba ya mgongoni yalikuwa yamebanduka kama maganda ya kitunguu, mfupa mweupe umetokeza. Kwenye lile tundu manila ilikuwa imeyeyuka, imeganda kama tone la mshumaa.

Nilimwambia mwanangu kwamba Kapteni amepata familia. Aliujua ukweli mwaka jana tu, nami ndiye niliyemwambia.

Mwaka jana huo huo jirani yangu alihamia Dodoma, akaniachia kobe wake mlangoni bila hata kunipigia simu. Safari hii niliapa. Nilikwenda ofisi ya kwanza, nikajibiwa, "Mama, watu wanahangaika na tembo huko vijijini, wewe unatuletea kobe?" Wakacheka. Nilitoka machozi yakinilenga. Nikarudi tena, nikaambiwa mhusika hayupo. Mara ya tatu, mahali pengine, nikampata afisa wanyamapori, kijana mdogo, akanipokea kwa heshima. Akamgeuza taratibu, akaangalia chini, akasema huyu ni dume kwa sababu kifua kimebonyea kwa ndani. Swali lake kubwa lilikuwa: alitolewa wapi? Nikampigia jirani palepale. Kumbe kobe harudishwi popote penye majani. Anaweza kupeleka ugonjwa wa nyumbani kwa wenzake wa porini, na mahali pageni hajui maji yako wapi wala ajifiche wapi.

Niliandika maelezo, nikasaini, nikarudi kwangu. Nilijisikia fahari na sioni haya kuisema.

Sasa ndugu zangu, tusikilizane. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu kobe wa porini kuwa mali ya umma, na kumfuga kunataka kibali. Usimuuze. Usimpe mtoto wa jirani, maana unahamisha tatizo tu. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na ukifukuzwa, rudi. Tuna mapori ya akiba kama Msanjesi na Lukwika-Lumesule, lakini si kazi yako kuchagua pori na kwenda kumwaga mnyama humo. Peleka kwa wahusika. Narudia, kwa wahusika.

Na mtoni hapana, baharini hapana! Kasa ana mapezi ya kuogelea, kobe wa nchi kavu ana miguu ya nguzo kama tembo. Ukimtia kwenye maji marefu anaweza kuzama.

Siku ya safari mweke kwanza kwenye beseni lenye maji yasiyozidi kidevu chake, anywe. Kisha mtie kwenye tenga la kuku lenye majani makavu, kivulini. Usimnyanyue ovyo, kwa sababu akishtuka humwaga mkojo, na maji yale ndiyo akiba yake ya kiangazi. Nawa mikono kwa sabuni, hasa watoto, maana kobe hubeba vijidudu vya kuharisha hata akiwa mzima. Kama ana kamba, ikate yote, usiache kipande.

Ninyi mlio na watoto wanaolilia kobe, wapelekeni wamwone shambani mvua zikianza, wamwangalie anavyokula, wamwache. Mzazi ni wewe. Mimi nilishindwa kusema hapana kwa mjomba, kobe akalipa.

Yule dada wa Nachingwea ameniandikia tena leo asubuhi. Kobe ameshakunywa maji, yuko kwenye tenga, na shemeji amekubali kuwasha pikipiki wampeleke ofisini Jumatatu.