Toti moja kwa siku hadi Krismasi: bakiza ya jana

Mwaka wa kwanza mambo yaliharibika kabla hata ya tarehe 10 Desemba. Nilinunua lile boksi la kalenda ya Majilio lenye vidirisha 24, ila badala ya chokoleti, nyuma ya kila kidirisha kuna kichupa cha wiski ya Uskoti, mililita 30. Tarehe 3 kidirisha kikanipa wiski ya moshi mzito kutoka kisiwa cha Islay, nikaimimina kwenye glasi ileile niliyotumia jana yake. Siku nne zilizofuata kila nilichoonja kilinuka moshi. Zikaja zamu za usiku mfululizo, vichupa vinne vikakaa bila kuguswa, na nilipopata mapumziko nikavimaliza vyote jioni moja ili nisiachwe nyuma. Kesho yake sikuweza kueleza tofauti ya hata viwili. Pesa nyingi, na wiski ambazo watu walizilinda ndani ya mapipa kwa miaka 10 au 16, zote zimepita bila kuniachia chochote.

Huu ni mwaka wa sita sasa. Naishi Glasgow, ni muuguzi, kwetu ni Machame. Ndugu na marafiki huniuliza kila Novemba jinsi ninavyofanya, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Kama hunywi pombe, kwa sababu ya dini au ya afya, sina nia ya kukushawishi. Naandika kwa anayekunywa tayari na angependa kujua anachokunywa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usimalize toti ya leo. Bakiza theluthi ya kesho. Mililita 30 nazigawa mara tatu. Kumi za kwanza naonja kavu, kumi za pili naonja na maji, kumi za mwisho narudisha kwenye kichupa na kukaza kifuniko. Kesho yake jioni naweka glasi mbili mezani, ya jana na ya leo, naanza kunusa. Ukinusa wiski moja peke yake utasema "ni kali, ina utamu kidogo," basi. Ziweke mbili na ghafla unaona kwamba hii ina zabibu kavu na ile ina limau, kwamba hii imekaa nzito ulimini na ile imepita kama maji. Mimi nilijifunza zaidi kwa siku tano za kulinganisha hivi kuliko kwa ile Desemba nzima ya kwanza. Na hesabu haiongezeki: kumi za jana na ishirini za leo ni mililita 30 zilezile.

Kwa kuwa nimegusa hesabu, niseme ya kazini kwangu. Mililita 30 zenye kileo cha asilimia 40 ni yuniti 1.2 kwa vipimo vya Uingereza, ambako yuniti moja ni mililita 10 za kileo halisi. Kwa wiki ni 8.4, na ushauri rasmi wa afya hapa ni kutozidi 14 kwa wiki. Nafasi inayobaki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, maana Desemba ina sherehe za ofisi, harusi na wageni. Wiski ya asilimia 60 inafika yuniti 1.8 kwa kichupa kilekile. Siku nikiwa na zamu kesho alfajiri, sionji. Kidirisha kinangoja, wala sifungui viwili siku inayofuata; kalenda yangu ya mwaka jana iliisha tarehe 29, na haikupungukiwa na kitu. Tena, Uskoti kiwango cha kileo kinachoruhusiwa kwa dereva ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu tangu Desemba 2014, wakati kule England ni 80. Ukishaonja, funguo za gari ziache zilipo.

Boksi la dukani ni ghali na mpangilio wake haukusaidii kujifunza, kwa hiyo tangu mwaka wa tatu tunatengeneza letu. Tuko watu wanane. Kila mmoja ananunua chupa tatu za kawaida za mililita 700, tofauti na za wenzake, jumla 24. Jumamosi moja ya Novemba tunakutana na faneli, vichupa vitupu na kalamu ya wino usiofutika. Kila chupa inatoa mililita 240 za kugawana, na mwenye chupa anarudi nyumbani na 460 zake. Tunaandika namba tu kwenye kichupa, jina la wiski linabaki kwenye karatasi iliyokunjwa. Fanyeni hivyo na ninyi. Ukisoma jina kabla ya kunusa, pua inaanza kukubaliana na bei.

Sasa mpangilio. Kabla ya majina, shika neno moja: kimea. Bibi yangu alitengeneza kimea cha ulezi kwa ajili ya mbege. Alikuwa anauloweka, anaufunika hadi unachipua, anauanika, kisha anausaga. Nilipotembelea kiwanda cha Springbank, mjini Campbeltown, baada ya zaidi ya saa nne za basi kutoka Glasgow, nikakuta shayiri iliyoloweshwa imetandazwa sakafuni, mfanyakazi anaigeuza kwa koleo ili mizizi isishikane. Nikaomba punje chache, nikazitafuna. Utamu ulikuwa ni uleule wa kiganja cha kimea nilichokuwa nadokoa nikiwa mtoto, nikasimama pale kwa muda bila kusema kitu. Viwanda vingi siku hizi hununua kimea kilicho tayari. Springbank bado wanatengeneza chao chote wenyewe. Na ukiona singo molti (single malt) kwenye lebo, maana yake ni hiyo tu: kimea cha shayiri, kiwanda kimoja. Mengine ni sheria. Kwa kanuni za 2009, wiski haiitwi ya Uskoti mpaka ikae hukohuko Uskoti miaka isiyopungua 3, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na ikiingia kwenye chupa kileo kisishuke chini ya asilimia 40.

Siku tano za kwanza weka zile laini. Auchentoshan, karibu kabisa na Glasgow, hukeneka pombe yao, yaani huichemsha na kukusanya mvuke wake, mara tatu badala ya mara mbili zilizozoeleka, na unaihisi nyepesi. Weka pia Johnnie Walker Black Label, ambayo wengi mnaijua kutoka kaunta za nyumbani. Ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine, umri wake ni miaka 12 kwa iliyo changa kuliko zote ndani yake. Inasaidia kuanza na kitu ulichokizoea, halafu ukinuse kwa mara ya kwanza kama mgeni.

Siku kumi zinazofuata ni za mapipa, na hapa ndipo pa kutulia. Sheria ya Marekani inataka burboni, wiski yao ya mahindi, ikae kwenye mapipa mapya, kwa hiyo yakishatumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Uskoti. Wiski iliyokaa humo inanukia vanila, wakati mwingine nazi. Mapipa yaliyobeba mvinyo wa sheri wa Uhispania yanatoa rangi ya chai ya rangi na harufu ya tende. Panga moja ya burboni leo na moja ya sheri kesho, mfululizo. Glenmorangie leo, Glenfarclas kesho. Glenmorangie ina mitambo ya shaba yenye shingo ndefu kuliko zote Uskoti, zaidi ya mita 5, na wenyewe wanazifananisha na twiga. Mvuke mzito hauwezi kupanda hadi juu, unarudi chini, na kinachofika ni chepesi. Glenfarclas inakaa mdomoni. Kwa kutumia ile theluthi ya jana, jioni hiyo moja itakufundisha maana ya pipa bila kusoma ukurasa wowote.

Usiogope maji. Nimeona watu wakikunja uso mtu akidondoshea maji kwenye singo molti, eti anaiharibu. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kileo kikishuka hadi asilimia 45 au chini yake, chembe za gwayakoli, zinazobeba ladha ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji. Mimi nilikuwa nimeshaona kwa pua. Tumia kijiko cha chai, matone matatu, subiri dakika moja, nusa. Kisha matatu tena. Barafu na soda viweke pembeni kwa siku hizi 24 tu, kwa sababu baridi inaficha harufu, na harufu ndiyo unayoitafuta.

Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, pua isizame ndani ya glasi. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, na ioshwe kwa maji moto kila siku, sabuni isibaki. Onja kabla ya chakula cha jioni. Jikoni kwangu, nikishakaanga vitunguu vya pilau, hakuna tena wiski itakayonusika.

Halafu andika, na uandike kwa maneno ya kwenu. Nilipoteza Desemba ya pili nikinakili maneno ya vitabu vya hapa: maua ya vilimani, keki ya Krismasi yenye matunda. Sikukua na vitu hivyo. Daftari langu la sasa lina ukwaju, karafuu, halua, kahawa mbichi, mkaa uliomwagiwa maji, ng'onda. Lina ndizi iliyoiva hadi ganda jeusi, tena mara nyingi, maana hamira inapochachusha kimea hutengeneza harufu ya ndizi ingawa ndizi haimo. Ukiandika "ng'onda," miaka mitatu baadaye utakumbuka wiski ipi.

Moshi uje mwishoni. Unatoka kwenye udongo mweusi wa kinamasi, piti, unaokatwa kama matofali, ukakaushwa na kuchomwa chini ya kimea kinapokauka. Anza kwa Talisker ya kisiwa cha Skye, yenye chumvi na pilipili manga nyuma ya ulimi, ndipo uvuke kwenda Islay: Bowmore, Caol Ila, Lagavulin, Ardbeg, Laphroaig. Glasi za siku hizo ziwe zake peke yake.

Mwaka juzi shemeji alitutembelea kutoka Dar, naye mazoea yake ni wiski na soda. Nikampa Laphroaig ya miaka 10 bila kumwambia jina. Akanusa, akaisukuma glasi mezani.

"Shemeji, hii ni dawa ya kusafishia vidonda. Umeleta kutoka kazini?"

"Usimeze bado. Chukua ya jana kwanza, hii hapa."

Akanusa Caol Ila ya jana, akarudi kwenye Laphroaig, akarudi tena. Nikaweka matone ya maji. Alikaa kimya muda mrefu, mkono umeshika tumbo la glasi kuipasha joto. Mwishowe akasema, "Hii ya jana ni moshi wa jikoni. Hii ya leo ni moshi wa jikoni karibu na bahari." Nikaliandika hilo kwenye daftari kama alivyolisema, na mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Kuna kitu kingine kuhusu kufanya haya huku. Waskoti wenyewe hawakuwa na likizo ya Krismasi hadi 1958. Kwa karne nyingi sherehe yao kubwa ilikuwa ya mwaka mpya, Hogmanay, na wiski ilikuwa ya usiku huo. Majirani wangu wazee bado wanasimulia baba zao wakienda kazini tarehe 25 kama siku yoyote. Kwetu ni kinyume kabisa. Desemba barabara ya kwenda mjini Moshi inajaa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani, na mimi nisipopata likizo, wiki hizi za Majilio huniumiza. Kukaa dakika arobaini kila jioni na glasi mbili ndogo, simu imezimwa, mume wangu akinusa upande wa pili wa meza, kumenisaidia kuzivuka.

Glenfiddich usiiweke kwenye zile 24. Iweke ya 25. William Grant na wanawe walijenga kiwanda hicho Dufftown, na matone ya kwanza yalitoka kwenye mtambo siku ya Krismasi ya 1887. Sisi tunaifungua baada ya ibada, tukiwa tumewapigia watu wa Machame simu ya video, na hiyo hatuipimi kwa theluthi wala hatuiandiki. Kwenye meza kunabaki kichupa cha tarehe 24, mililita kumi za Laphroaig, kikingoja mtu wa kuilinganisha.