Fundi, ubao huu hautafura?

Tangu nilipogusia habari ya kabati la sinki la bafuni, maswali yananifuata dukani, vichochoroni, hata nikitoka msikitini. Nayajibu saba. Bei siandiki, maana ya leo si ya kesho, na ya Mokowe, ng'ambo bara, si ya Amu (Lamu) mjini.

Nimepanga nyumba Langoni na pesa ni ya kubana. Mvule siuwezi. Ninunue MDF? (Kijana wa Langoni)

Usinunue. Kabati la kwanza nililomtengenezea dada yangu lilikuwa la MDF, vipande vilivyobaki kwenye kazi ya mtu. Lilipendeza miezi mitatu. Masika ilipoingia ukingo wa chini ukanywa maji, ukafura kama mkate wa mimina, na milango ikakataa kufunga. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshikwa kwa gundi. Ikishafura hairudi, hata uianike mpaka kaskazi iishe.

Chukua plaiwudi ya kuhimili maji ya milimita 18, bamba moja tu la futi 8 kwa 4. Linatosha kabati la upana wa sentimita 75. Bamba lina sentimita 244 kwa 122. Pasua kwanza ukanda wa sentimita 50 kwa urefu wote: humo utapata mbavu mbili za 75 kwa 50, na sakafu ya kabati ya 71.4 kwa 50, kwa sababu sakafu hukaa katikati ya mbavu nazo zimeshakula milimita 36. Ukanda uliobaki, wa karibu 72, unatoa uso wa juu wa 78 kwa 52 na milango miwili ya 70 kwa 37. Kinachosalia ni cha rafu na mikanda ya kushikia mbele na nyuma.

Mwambie mwenye mashine akupasulie huko huko unakonunua. Bamba zima ndani ya boti, kusi ikivuma, ni tanga. Na ukifika nalo mjini, kwenye vichochoro vyetu hata punda atakucheka.

Pesa uliyookoa kwa kuacha mvule usiile, iweke kwenye kingo. Maji hayaanzi usoni mwa plaiwudi. Huanzia pale msumeno ulipopita, matabaka yalipobaki wazi. Paka kingo zote zitakazobaki wazi vanishi mara tatu kabla hujaunga kitu, ya kwanza iwe nyepesi ili ipenye. Tundu la bomba nalo ni ukingo, na ndilo linalosahauliwa na kila mtu. Gundi nyeupe ya kawaida iache, inalegea ikirowa. Uliza ile iliyoandikwa kuwa inahimili maji.

Mjomba amenipa bure mbao za jahazi kuukuu. Zimekaa miaka mingi juani, kavu kabisa. Zitafaa? (Msomaji wa Matondoni)

Zitafaa, ila hiyo bure ina kazi ndani yake. Muulize mjomba: mbao hizi zilikuwa juu ya maji au chini? Za chini zimepakwa deheni, yaani shahamu na chokaa. Za juu zimeshiba sifa, yaani mafuta ya papa, miaka yote. Vanishi haishiki juu ya vitu hivyo, kwa hiyo randa mpaka uone mti safi, si rangi ya mti tu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani, na ubao unaokuonyesha ukavu mchana hutoa jasho usiku. Utapaka vanishi leo, baada ya mwezi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mimi nikisharanda kidogo huonja kwa ncha ya ulimi. Cheka, lakini ndivyo nifanyavyo. Ikiwa na ladha ya bahari, ziache mbao zinyeshewe na mvua ya masika wiki kadhaa, au zimwagie maji baridi kila siku. Kisha zipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Utajuaje zimekauka? Chukua kipande kimoja, kipeleke kwa muuza duka akipime kwenye mizani, na urudi nacho kila Ijumaa. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Pitisha sumaku kabla ya randa. Misumari ya jahazi ni ya chuma, na mmoja uliojificha utakuharibia kisu. Mbao hizo zitumie kwa milango na uso wa juu, mwili uwe plaiwudi. Matundu ya misumari usiyazibe yote. Wageni wanalipa pesa nzuri kwa matundu hayo.

Na yule aliyeuliza kama anaweza kukata mlango wa nakshi wa nyumba ya nyanya yake apate uso wa kabati: la, hasha. Mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango hiyo ni sehemu ya sababu.

Nyumba yetu Mkomani ni ya mawe ya zamani, ukuta unapukutika. Nataka kabati la kuning'inia. (Mama wa watoto wanne)

Mama, usilining'inize. Ukuta wa matumbawe na chokaa haushiki skrubu kama tofali la saruji. Plagi ikiangukia penye chokaa inazunguka bure, na sinki likijaa maji, na mtoto akiliegemea, litakuja chini lote. Lisimamishe kwa miguu. Ukutani tia skrubu mbili tu za kulizuia lisipinduke, palipo na jiwe gumu.

Nyuma acha nafasi ya vidole viwili, wala usifunike kwa ubao. Ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba unyevu utahamia kwenye kabati na ukungu utaota. Fundi akikwambia apige saruji kwanza, mkatalie. Saruji inafungia maji ndani.

Miguuni ndipo ninapokubali mvule au mbambakofi: vipande vinne vya sentimita 8, watakupa kwenye masalio ya karakana. Chini ya kila mguu gundisha kipande cha ndara kuukuu, mti usiguse sakafu yenye maji.

Jambo moja hukuniuliza. Kama bafu lenu bado lina birika la kujengwa la kuwekea maji, lenye visamaki vya kula viluwiluwi wa mbu, usilivunje kwa ajili ya kabati. Tafuta kona nyingine.

Urefu uwe kiasi gani? (Wengi)

Ukingo wa sinki uwe sentimita 80 mpaka 85 kutoka sakafuni. Kama ni bakuli la kukaa juu, toa kimo chake kwanza. Watu husahau, halafu wananawa mikono kama wanaochungulia dirishani.

Nitie mtoto wa meza (droo) au milango? (Msomaji wa Wiyoni)

Milango. Chini ya sinki pana bomba lililokunjika, na mkunjo huo lazima ubaki, maji yanayolala humo ndiyo yanayozuia harufu isipande. Mtoto wa meza itabidi umkate katikati kulizunguka, kazi nyingi kwa nafasi ya mswaki. Ukimtaka kweli, muweke pembeni, mwembamba.

Mwanangu, marehemu mume wangu alipaka vyombo vyake sifa, na havikuoza. Kwa nini nisipake kabati? (Bibi wa Shela)

Shikamoo, Bibi. Havikuoza, kweli, lakini vilikuwa baharini, upepo unachukua harufu. Bafuni mafuta ya papa yatakukimbiza wewe na wageni. Paka vanishi ya boti, mara nne, na kati ya mkono na mkono usugue kwa msasa laini. Paka pande zote, hata chini pasipoonekana. Ukipenda mafuta, ya kitani yanafaa kwa mbao ngumu, ila yarudie kila mwaka. Na kitambaa ulichopakia usikifinyange ukakitupa pembeni: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje, au kitie kwenye ndoo ya maji.

Bawaba zangu zimeliwa na kutu kwa miezi sita. (Msomaji wa Shela)

Upepo wa chumvi, na pengine maji ya kisima. Tia bawaba za shaba au stenlesi, na skrubu za aina hiyo hiyo. Ukichanganya, kimoja kinamla mwenzake. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, kisha pitisha skrubu kwenye kipande cha sabuni. Itaingia laini, hata kwenye mvule.