Ukitaka kuwaeleza watu habari za darubini ya anga, anza na pesa

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Arusha, naye ni mwalimu wa fizikia kama mimi, kuhusu darubini mpya ya anga ya Marekani iitwayo Roman. "Shikamoo mwalimu. Nimesikia mhadhara wako wa Moshi ulijaa mpaka watu wakasikilizia madirishani. Nami nataka kufanya huku kwetu kabla darubini haijarushwa. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Ndiyo, ulijaa, na sitajifanya mnyenyekevu. Wanakwaya waliokuja kwa mazoezi walibaki, vijana wa bodaboda waliegesha nje wakaingia, na umeme ulipokatika hakuna aliyenyanyuka. Ukumbi wenyewe nilipewa na parokia, baada ya shule moja niliyoitegemea kunijibu kwamba darubini ya Marekani haimo kwenye mtaala. Shule inayofundisha vioo na lenzi kila mwaka! Jibu hilo bado linanichoma, na nakiri kwamba nilipoona watu madirishani nililikumbuka kwa furaha isiyo ya kiungwana.

Sasa ushauri. Usianze na nyota, anza na pesa.

Nilijua swali la gharama litakuja tu, kwa hiyo nikalitanguliza mwenyewe. Jina kamili la darubini hii ni Nancy Grace Roman, ni ya NASA, shirika la anga la Marekani, na gharama yake inazidi dola bilioni 4. Niliiandika ubaoni na sifuri zake zote tisa. Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja wa Kibosho akasimama: "Mwalimu, hizo zingechimba visima vingapi?" Nikamwambia, vingi sana, baba, ila ni kodi ya Wamarekani, na wao ndio wa kuibishania bungeni kwao. Linalotuhusu sisi ni kwamba picha na vipimo vya darubini hiyo vitawekwa wazi kwa dunia nzima, bila kundi lolote la wanasayansi kupewa muda wa kuvikalia kwanza. Binti wa Majengo mwenye kompyuta ataviona pamoja na profesa wa Marekani. Mzee akakaa, akafikiri, akasimama tena: "Na bando atalipa nani?" Hapo hata mimi nilicheka. Lakini tangu dakika hiyo watu walinisikiliza, kwa sababu lililowakaa rohoni lilikwisha kusemwa.

La pili, wape kitu mkononi. Kioo cha Roman kina kipenyo cha mita 2.4, sawasawa na cha Hubble, darubini ya anga iliyorushwa mwaka 1990. Ukiishia hapo watu watauliza, sasa mpya ni nini? Mpya ni upana: kwa pigo moja la picha, Roman itaona eneo la anga kubwa angalau mara 100 kuliko Hubble inavyoona kwa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho yetu. Nilitundika kanga ukutani, nikamsimamisha mama mmoja wa kwaya umbali wa hatua mbili tatu, jicho moja kalifumba, jingine kwenye kipande cha mrija wa soda. "Naona RAK," akasema. Akasogeza. "RAK tena." Akasogeza. "Mwalimu, hii kanga ina RAK tupu!" Nikampa kile kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni, urefu uleule. Akasoma papo hapo: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. (Najua, tobo la kibomba halifiki mara 100 ya mrija. Wapenda hesabu msinitumie ujumbe.) Baada ya hapo, niliposema kwamba picha kubwa ya Andromeda, galaksi jirani yetu yenye nyota chungu nzima, iliyoichukua Hubble zaidi ya picha 400 kuiunganisha, Roman inaweza kuipata kwa kulenga mara mbili tu, sikuhitaji kufafanua.

Roketi na mzingo pitia haraka: Falcon Heavy, kutoka Florida, ikakae kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, basi.

Ila tua kwenye anga letu. Roman itakodolea macho kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, ikipiga picha takriban kila dakika 12, ikivizia nyota moja ipite mbele ya nyingine. Uvutano wa iliyo mbele hupinda mwanga wa iliyo nyuma, nayo huonekana kung'aa zaidi kwa muda. Kama iliyo mbele ina sayari, mwanga huo huongezeka tena kidogo kwa muda mfupi, na hapo sayari imejisema. Kitovu hicho kiko upande wa kundi la Kausi. Mwezi wa Agosti, saa mbili hadi saa tatu usiku, kwetu kinakuwa juu sana kusini, ilhali Maryland huko Marekani, ilikoundwa darubini, hakipandi mbali na upeo. Mawingu ya mlima yalituziba usiku ule, nikaonyesha kwa kidole tu, lakini watoto walikwenda nyumbani wakijua pa kutazama.

Na mtaje mwenye jina. Nancy Grace Roman, aliyezaliwa 1925 na kufariki 2018, alikuwa wa kwanza kuongoza idara ya sayansi ya nyota ya NASA, na wanamwita mama wa Hubble. Akiwa sekondari aliomba aljebra badala ya Kilatini, na mshauri wa shule akamshangaa kwa dharau, msichana gani huyo? Walimu wenzangu, na ninyi wakuu wa shule mnaosoma hapa: msichana akiuliza jambo lisilo kwenye mtihani, msimkalishe chini. Mnapomkalisha mbele ya wenzake, na wale wengine hamtawasikia wakiuliza tena.

Dada, tarehe ya kurushwa usiichapishe kwenye tangazo. James Webb, darubini nyingine ya anga, ilitajiwa 2007 mwanzoni, ikaruka 25 Desemba 2021. Ya Roman, NASA imejifunga kwa Mei 2027, na huenda ikawa mapema zaidi. Mimi niliandika tu "kabla haijarushwa". Tafuta ukumbi wenye jenereta. Posho usiahidi, walioulizia mlangoni kwangu niliwaambia hakuna, na wengi wao wakaingia hivyo hivyo.